Tupeane uzoefu: mlioitazama Chernobyl mkiwa Uganda, ni kitu gani kiliwaganda?

Mwenye uzi, Kampala
Wadau, habari za huko mliko. Tamthilia ya Chernobyl, ile ya mlipuko wa kinu cha nyuklia huko Ukraine ya Kisovieti mwaka 1986, ilitoka Mei 2019, sehemu tano basi, na mpaka leo ukienda kwa hawa vijana wanaopakia filamu kwenye flashi wanakuwekea bila hata kuuliza. Sitafuti uchambuzi wa waigizaji. Kwamba Jared Harris na Stellan Skarsgård wanaijua kazi yao, hilo halina mjadala. Nataka kusikia uliitazama wapi, na nani, na kitu gani kilikataa kutoka kichwani.

Naanza mimi. Niliitazama na mdogo wangu, Ntinda. Ngozi za wale wazimamoto zinazochubuka hazikumtisha. Kazoea filamu za kutisha. Kilichomshika ni kile kikao cha usiku ndani ya handaki. Mzee mmoja anainuka na mkongojo wake, anasema mji ufungwe, asitoke mtu, simu zikatwe, na wakubwa wote wanampigia makofi. Ilikuwa majuma machache tu baada ya uchaguzi wa Januari 2021, ule ambao intaneti ilizimwa nchi nzima. Dogo akanigeukia: "Kumbe hata hawa?"

Karibuni.

Afande Mstaafu, Bombo
Mjukuu wangu ndiye aliniwekea. Yeye alisinzia, mimi nikakesha.

Nitasema la askari tu, mengine waseme waliosoma. Mnakumbuka pale juu ya paa, vipande vya grafiti yenye mionzi kutoka ndani ya kinu vimetapakaa, roboti zimejaribiwa zikafa, halafu ikaamuliwa wapande watu. Kila askari anapewa sekunde 90: panda, koleo moja au mawili, tupa chini, rudi. Kweli walipanda zaidi ya 3,000, si maneno ya filamu. Sasa tazameni yule mmoja aliyenasa mguu kwenye vifusi. Anajikwamua, anarudi ndani, anainama anaona kiatu kimechanika. Mkubwa wake anamwambia amemaliza, basi. Kamera inabaki kwenye kiatu.

Mimi nimevaa buti maisha yangu yote. Buti likichanika porini ulikuwa unalifunga kwa mpira unasonga mbele, na hakuna aliyekuuliza. Yule jenerali angalau aliwaeleza vijana wake wanaingia wapi na kwa muda gani. Nimewahi kuwa chini ya wakubwa ambao hata hilo hawakukupa. Ulijua umepelekwa wapi ukishafika.

Mwenye uzi, Kampala
Shikamoo Mzee. Hiyo ya kiatu wengi tulipita nayo haraka.

Dada wa Eksrei
Mimi kazi yangu ni chumba cha eksrei, hospitali moja ya huku magharibi, jina niachieni. Kifuani navaa beji ndogo ya plastiki inayonakili mionzi ninayopata. Inatakiwa ikusanywe kila baada ya muda, isomwe, nirudishiwe majibu.

Basi pale wanaposema kipimo cha mionzi kinaonyesha roentgen 3.6 kwa saa, "si nzuri, si mbaya sana", nilisimamisha filamu nikaenda jikoni kunywa maji. Wanaosema hawaelewi kwa nini namba hiyo inachekesha na kuumiza kwa pamoja: kile kifaa mwisho wake ulikuwa hapohapo, 3.6. Hata kama nje ni maelfu, chenyewe kitasimama 3.6. Na mkubwa anaipenda namba hiyo kwa sababu inampa usingizi. Kazini kwetu kuna wakati beji zilikaa kabatini miezi bila kusomwa. Nilipouliza, msimamizi alinijibu, "Sister, ungekuwa umeumia ungejua." Nilikuwa mjamzito.

Mtoto mzima, anasumbua tu. Lakini lile jibu sijalisahau.

Tukiwa hapohapo, niwatoe hofu kuhusu jambo moja ambalo tamthilia imelipotosha. Lyudmila, mke wa mzimamoto Vasily Ignatenko, anakatazwa kumgusa mumewe kana kwamba mtu aliyepigwa na mionzi ni kinu kinachotembea. Hatari kubwa iko kwenye vumbi: nguo, nywele, viatu. Ndiyo maana zile nguo za wazimamoto zilizotupwa kwenye chumba cha chini cha hospitali ya Pripyat, mji wa wafanyakazi wa kinu, zina mionzi hadi leo. Mgonjwa akishavuliwa na kuoshwa vizuri, hatari kwa anayemuuguza inakuwa ndogo sana. Wanamzuia mgeni zaidi kwa ajili ya mgonjwa mwenyewe, maana kinga yake ya mwili imekufa, mafua yako yanaweza kummaliza.

Binti wa Mama Saluma
Dada wa Eksrei, Mungu akubariki, natamani ungekuwa jirani yetu 2019.

Mama yangu alitibiwa saratani ya mlango wa kizazi kwa mionzi. Tulikuwa kwenye lile kundi lililokwama 2016, mashine ya kobalti iliyokuwa moja tu nchini ilipoharibika, watu wakabaki wanahangaika. Mpya ilianza kazi 2018. Akapata dozi zake, akarudi nyumbani anatembea, tukachinja kuku.

Halafu tamthilia ikatoka. Jirani yetu, mtu mzuri kabisa, aliitazama kwa shemeji yake. Kuanzia siku hiyo mtoto wake haji tena kwetu. Akija mwenyewe anasimama mlangoni. Siku moja mama alimkaribisha chai, akakipokea kikombe kwa ncha ya kanga. Mama hakusema kitu, alikwenda kulala saa kumi na mbili jioni.

Mimi ndiyo nikaitazama sasa, nijue huyu mtu ameona nini. Nililia kwa sababu mbili, ya Lyudmila na ya kile kikombe. Naomba uelezee vizuri, dada, maana wapo wengine watakaosoma hapa.

Dada wa Eksrei
Pole sana mpenzi. Tiba ya mama ilikuwa mionzi inayotoka kwenye mashine, inapita mwilini, mashine ikifungwa hakuna kinachobaki ndani yake. Anabeba mjukuu, anapika, analala na yeyote kitanda kimoja. Zipo tiba nyingine ambazo mgonjwa anawekewa au anameza dawa yenye mionzi, na hapo daktari atakupa masharti ya siku fulani. Kama hukupewa masharti, hakuna. Mwambie jirani aje anywe chai.

Kaka wa Mubende
Niliapa sitaichangia hii mada. Lakini kikombe hicho...

Mwishoni mwa sehemu ya tatu, wazimamoto wanazikwa Moscow. Majeneza ya chuma yamezibwa, yamepangwa kwenye shimo moja, na lori la zege linamwaga uji wa saruji juu yake. Wake zao wamesimama kando. Yule Lyudmila ameshika viatu vya mumewe mkononi, maana miguu ilivimba havikumwingia.

Septemba 2022 Ebola iliingia kwetu, ile ya aina ya Sudan ambayo chanjo yake haikuwepo. Mubende na Kassanda zikafungwa. Mjomba wangu alifariki kwenye hema la matibabu. Tuliambiwa tusimame ng'ambo ya barabara. Watu wa mazishi wakaja wamevaa mavazi meupe hadi usoni, mfuko umefungwa zipu, wakanyunyiza dawa, wakamshusha, wakanyunyiza tena. Shangazi alikuwa amekuja na suti yake, ile ya harusi ya binti yao, imepigwa pasi, iko kwenye hanga. Akaishikilia tu muda wote. Mmoja wa wale wenye mavazi meupe, nadhani kijana mdogo kwa sauti, akasema, "Mama, tunaweza kuiweka juu." Wakaiweka juu ya mfuko, na hanga lake.

Sikatai kwamba walifanya sawa. Waliofanya kinyume walikufa, tuliwaona. Ila nilipoona vile viatu nilitoka nje, mke wangu akamalizia peke yake.

Mwenye uzi, Kampala
Poleni sana, kaka. Asante kwa kuvunja kiapo.

Mkongomani wa Nakivale
Bonjour wote. Sisi hapa kambi ya wakimbizi tuliiona kwenye kibanda, mbao na turubai, sauti ya jenereta nyuma. VJ alikuwa wa hapa kwetu, anatafsiri hukuhuku anaweka chumvi yake. Dyatlov, yule mhandisi aliyesimamia zamu ya mlipuko, akifoka, VJ anasema, "Huyu ni kama yule bwana wa magodoro!" Kibanda chote kinaanguka. Kwa hiyo msinione nalia, sisi tulicheka sana.

Tulinyamaza mara mbili. Ya kwanza ni mabasi. Zaidi ya elfu moja wanaingia Pripyat, watu wanaambiwa wabebe vitu vya siku chache. Nani hapa Nakivale hakuambiwa "siku chache"? VJ naye alizima maikrofoni, akaacha picha iende.

Ya pili ni mbwa. Watu wazima wamekufa sehemu tatu nzima, watoto wanatafuna karanga. Wakaja wale vijana wa bunduki kuua mbwa vijijini, watoto wakapiga kelele mpaka mwenye kibanda akapitisha mbele.

Niongeze na la kwetu. Watu wanaongea juu ya nyuklia kama kitu cha Wazungu. Urani iliyotumika kwenye mabomu ya Marekani mwaka 1945, sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe, Katanga, kwenye ardhi ya babu zetu. Na kinu cha kwanza cha utafiti barani Afrika kiliwashwa Kinshasa 1959. Wachimbaji wa Tula kwenye filamu wanavua nguo kwa joto wanachimba chini ya kinu, watu wakasema ajabu! Babu yangu alichimba Katanga, na hakuna aliyetengeneza filamu.

Msomaji wa Fort Portal
Mimi swali tu. Kile kitufe walichobonyeza kabla ya mlipuko si cha kuzimia kinu? Inakuwaje unabonyeza cha kuzima, kinalipuka?

Mwalimu wa Fizikia, Jinja
Nilikuwa nakungoja wewe.

Nyumbani kwangu ni karibu na bwawa la Nalubaale, na bado umeme unakatika. Unajua pale gridi inapozima, hospitali inakaa gizani kidogo mpaka jenereta iitike? Jaribio la Chernobyl lilihusu pengo hilo. Pampu za maji ya kupoza kinu zinahitaji umeme, na jenereta zao za dizeli zilichukua kama dakika nzima kushika. Walitaka kuona kama mtambo unaoendelea kuzunguka wenyewe baada ya mvuke kukatwa ungezilisha pampu kwa muda huo. Wazo si baya. Utekelezaji ndio msiba: Kyiv waliomba umeme uendelee, jaribio likacheleweshwa kwa muda wa saa tisa hivi, likaangukia zamu ya usiku ambayo haikujiandaa.

Nguvu ya kinu ikaporomoka, ikajaa zenoni, gesi inayokula nyutroni, zile chembe zinazokiendesha kinu, na kukifanya kinu kizito kuamka. Ili kukiamsha wakachomoa fimbo za kudhibiti karibu zote. Wakafika megawati 200 za joto, wakati mpango ulitaka 700, wakaendelea hivyohivyo. Saa 7:23 usiku wa tarehe 26 Aprili 1986 wakabonyeza AZ-5, hicho kitufe cha kuzimia. Fimbo zinashuka zote kwa mara moja. Boroni iliyomo inazima, sawa, lakini ncha zake za chini ni grafiti, na grafiti inachochea. Ncha ndizo zilitangulia kuingia, zikasukuma maji pembeni. Sehemu ya chini ya kinu nguvu ikaruka ghafla kabla boroni haijafika, kikalipuka. Udhaifu huo ulishajulikana kwa wachache na ukafichwa kwa waendeshaji.

Kuna vya kuongezwa chumvi pia. Helikopta ilianguka kweli, ila Oktoba, si siku zile za mwanzo. Ulana Khomyuk hakuwepo, ametungwa awakilishe wanasayansi wengi, na tamthilia yenyewe inakiri mwishoni. Legasov, mwanasayansi anayeigizwa na Harris, hakuhudhuria ile kesi ya wakubwa wa kinu. Kwangu haya hayaharibu. Kinachoniudhi ni kumfanya Dyatlov shetani wa peke yake. Mfumo mzima ndio uliomlea.

Mkulima wa Buyende
Nimesoma kimya mpaka hapa. Sisi ndio tutakaojengewa. Mwaka 2023 serikali ilisema kinu chetu cha Buyende kitoe megawati 1,000 za kwanza ifikapo 2031. Mwanangu akaniletea hii filamu kwenye simu, akidhani nitaogopa.

Kulipuka sikuogopa sana. Mwalimu ameeleza, na vinu vya leo havijengwi vile. Mimi niliona yule mama mzee anayekamua ng'ombe, askari amemsimamia anamwambia aondoke, na bibi anamhesabia vita na njaa zote alizozipita akiwa palepale. Askari anampiga risasi ng'ombe. Mimi nina ng'ombe, na karatasi ya shamba sina. Anayekuja kupima ardhi anaongea na mwenyekiti, haongei na mimi.

Afande Mstaafu, Bombo
Mzee mwenzangu, anza na hiyo karatasi. Nenda ofisi ya ardhi ya wilaya na mashahidi wa mipaka, majirani wawili watatu, kabla hao wapimaji hawajarudi. Usingoje filamu.

Mkulima wa Buyende
Nimekusikia, afande. Jumatatu.

Msomaji wa Fort Portal
Jamani flashi yangu imeishia sehemu ya nne. Nani wa huku ana ya tano?

Mwalimu wa Fizikia, Jinja
Ya tano ndiyo ya mahakamani, yenye vile vibao vyekundu na bluu. Kumbe ndiyo maana ukaniuliza ya kitufe! Njoo inboksi nikuelekeze.