Sabuni ya mawese inawasha mikono na inakatika kama biskuti, nimekosea wapi?

MamaP_Mwanga:
Wakuu habari za jioni, naomba msaada kwa wenye uzoefu. Niko Kigoma hapa Mwanga, natengeneza sabuni za miche za kufulia, nauza mtaani na kule Kibirizi siku za boti. Mara mbili za kwanza nilitumia mafuta ya mise (yale ya kokwa za michikichi), sabuni ikatoka safi, ngumu, povu jingi mpaka wateja wakawa wanauliza nyingine lini. Mwezi huu mise imekua shida kupata, nikasema si mafuta ni mafuta tu, nikachukua mawese lita 10 yale mekundu kabisa, nikafuata vilevile nlivyofundishwa kwenye mafunzo ya kikundi, yani mafuta mbili soda moja, ile soda ya kostiki iliyoyeyushwa kwenye maji, ikapimwa na haidromita (kipimo cha kuelea kinachoonyesha uzito wa maji ya soda) ikasoma 1250. Kwahiyo mawese 10, soda 5.

Ikaganda haraka hata sikuwahi kusawazisha juu. Kesho yake nakata, kisu kikipita tu inapasuka vipande, juu imeota unga mweupe, na nilivyojaribu kufulia nguo za mtoto usiku mikono ikawaka, mpaka sa hivi vidole vimesinyaa kama nimeparua samaki kutwa nzima. Nina miche kama 40 ndani, naogopa kuuza. Nimwage au kuna namna?

kijana_wa_ujiji:
Usimwage dada hiyo ni hela. Tia rangi na pafyumu uza, sabuni ya kufulia nani anaangalia? au ipake siki kwa juu inapoza makali.

BiKasulu:
Wewe kijana acha, mtu akiuziwa sabuni ya kumbabua mikono hatarudi tena hata ukimpa bure. Na siki ukiipaka juu inaishia juu, ndani mche uko vilevile.

Mdogo wangu MamaP pole. Kabla sijasema kitu nijibu maswali mawili. Hiyo soda ulipima na haidromita ikiwa imeshapoa kabisa au bado ina joto? Na ule unga mweupe, ukiupangusa na kitambaa chini pako sawa au kuna vijishimo vyenye majimaji?

MamaP_Mwanga:
Asante dada. Soda niliiloweka asubuhi nikapima mchana, ndoo ilikua bado ya moto ukiigusa, ilisoma chini nikaongeza soda kidogo mpaka ikafika 1250. Unga ukifuta unatoka ila kuna sehemu kama tatu hivi zina vijishimo na maji yanayoteleza.

BiKasulu:
Basi nimeshaiona, yako ni makosa mawili yamepandana.

La kwanza, mafuta sio mafuta tu. Mise inakula soda nyingi kuliko mawese. Kilo moja ya mise inataka soda kavu kama gramu 176, kilo moja ya mawese inataka kama 142 tu. Sasa soda ya maji ikisoma 1250 kila lita moja ina soda kavu karibu gramu 285, zako lita 5 maana'ake kilo 1 na gramu 425. Lita 10 za mise ni kama kilo 9.2, zinataka kilo 1.6 na ushee, kwahiyo ile mbili kwa moja inakuachia mafuta kidogo ya ziada, sabuni inakua laini mkononi, ndo maana ulisifiwa. Lita 10 za mawese ni kilo 9.1, zinataka kilo 1.29 basi. Hapo soda imeshazidi hata kabla hujakosea kitu kingine.

La pili ndo hilo la joto. Maji ya soda yakiwa ya moto yanakua mepesi, haidromita inasoma chini ya ukweli. Wewe ukaongeza soda ili ifike 1250, ilivyopoa ikawa imepita huko juu. Soda ilowekwe leo ipimwe kesho, mie huwa naiacha mpaka ndoo ikishikwa ni baridi kama ya maji ya mtungini.

Soda ikizidi sabuni inakua ngumu inapasuka, na vile vijishimo ni soda yenyewe imekaa humo haijapata mafuta ya kula. Unga mkavu wa juu peke yake usingenitisha, huo mara nyingi ni soda imekutana na hewa, unakwangua yanaisha.

tabora_nta:
Niongezee kidogo hapo. Namna ya kujaribu bila kifaa: lowesha kidole, sugua kwenye mche, gusa ncha ya ulimi kidogo sana. Ikikupiga kama umelamba betri bado ina soda. Ikiwa ladha ya sabuni tu imeiva. Ila kwenye vile vijishimo usiguse ulimi kabisa.

Bibi yangu huku Tabora alikua hata soda haijui, anachuja majivu anachemsha na mafuta, ila ile haikua mche, ilikua laini kama uji unachota na kata, maana magadi ya majivu hayagandishi kama kostiki.

MamaP_Mwanga:
Sasa hizi 40 naziokoaje?

BiKasulu:
Unazipika upya. Vaa glavu, katakata miche midogo midogo, weka kwenye sufuria ya stenlesi au pipa la chuma, SIO sufuria ya alumini hizi zetu za kupikia, soda inaila inatoa mapovu na gesi inayoweza kushika moto. Maji lita moja kwa zote, moto mdogo, funika. Zikianza kulainika pasha mawese lita moja na nusu pembeni umimine kidogo kidogo huku unakoroga. Kwa hesabu ya kawaida hiyo ingetosha, ila kwa vile ulipimia moto huenda ikataka zaidi, kwahiyo ikishashikana na kuvutika kama ugali wa muhogo toa kidogo, ipoe, jaribu ulimi. Ikipiga ongeza nusu lita upike tena. Usimimine mafuta yote kwa mkupuo ukaja kulia mche unanata.

Ikituliza ulimi shindilia kwenye boksi, kata kesho yake, anika kivulini wiki mbili tatu.

kijana_wa_ujiji:
Na ule wekundu je, si achemshe mawese kwanza mpaka yawe meupe?

BiKasulu:
Ili mawese yawe meupe lazima yapate moto mkali sana mpaka yanatoa moshi, hapo kosa dogo tu umeunguza jiko na nyumba. Wekundu wa sabuni unafifia wenyewe ikikaa.

tabora_nta:
Na soda msiihifadhi kwenye chupa za maji ya kunywa jamani, mtoto hasomi. Ikikurukia ni maji mengi yanayotiririka hata dakika 20, msipake limao, na ikiwa jicho unaosha huku mtu anatafuta usafiri wa kwenda hospitali.

MamaP_Mwanga:
Narudi na mrejesho wakuu. Nimepika juzi, lita moja na nusu haikutosha, ulimi ulipigwa mpaka nikakaa chini 😂 nikaongeza nusu nyingine ikatulia. Imetoka miche 43, haipasuki, nimefulia nayo leo mikono iko salama. Shida povu, sio lile la mise, mteja wangu mmoja wa boti kaangalia kanambia hii umechakachua.

BiKasulu:
Hujachakachua, mawese ndo povu lake hilo. Ukipata mise hata kidogo changanya, mawese lita 7 mise lita 3, soda ya 1250 ILIYOPOA lita nne na nusu na kikombe kidogo cha chai. Mawese matupu lita 10 usipite lita nne na robo. Na huyo wa boti mpe kipande akafulie bure kwanza, halafu ndo mjadili bei.