Muziki wa zoezi la sakafu la jimnastiki kwa binti wa miaka 9: nichague upi, na niukate vipi?

Mzazi
Habari wakuu. Binti ana miaka 9, ana mifululizo miwili ya vichwangomba, na kocha ametuachia tulete muziki wenyewe. Tumebaki na miwili: mmoja ni kinanda kitupu, wa taratibu, anaupenda mno. Mwingine ni ngoma na fidla, mapigo 132 kwa dakika, na nyuma kuna kundi linaitikia "aa-aa". Yote inapita dakika tatu. Hizo "aa" zinaruhusiwa? Na nikianza kukata, nishike wapi?

Kocha wa watoto
"Aa" haina shida. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Jimnastiki (FIG) zinakataza maneno, hazikatazi sauti ya mtu ikitumika kama ala. Likipenya neno unakatwa alama nzima 1.0, sawasawa na kucheza bila muziki. Usikilize wote kwa vipokea sauti vya masikioni, hasa pale ala zinaponyamaza, maana neno hujificha hapo.

Zoezi lisizidi sekunde 90, ukizidi, alama 0.1 inaondoka. Saa huanza mtoto anapofanya mwondoko wa kwanza, si muziki unapolia. Madaraja ya watoto huweza kuwa na muda mfupi zaidi, kwa hiyo muulize kocha wake kanuni za daraja lake kabla hujakata chochote.

Kinanda ningekiacha kwa sasa. Muziki wa taratibu unamdai mtoto anyooshe goti na kuchongoa vidole vya mguu kwa mapigo manne mazima, na mwamuzi ana muda wa kutosha kuona kila kasoro. Mpe sekunde 20 za kila muziki acheze anavyotaka, wewe tazama mikono tu. Ikifika juu kabla ya noti kisha ikaganda kuisubiri, muziki huo bado haujawa wake.

Mtunga miondoko
Nakubaliana na mkuu hapo juu kuhusu kinanda, ila 132 nayo ni kali. Mtoto akiwa mpya ataifuata vizuri. Baada ya mfululizo wa pili miguu inakuwa mizito na anabaki nyuma ya mdundo hadi mwisho, na pozi la mwisho lisipoangukia pigo la mwisho, hilo nalo lina makato. Mjaribu akiwa amechoka: afanye mifululizo yote miwili, halafu papo hapo umpigie theluthi ya mwisho ya muziki.

Punguza kasi kwa asilimia 5 bila kugusa ujuu au uchini wa sauti (programu za kuhariri zina kitufe tofauti kwa hilo). Utapata kama 125. Hapo "nane" moja, yaani kundi la mapigo manane, inachukua sekunde 3.84, na nane 22 zinakupa takriban sekunde 84. Ziandike kwenye karatasi, mstari mmoja kila nane. Kila mfululizo utengee nane mbili: moja ya kujipanga kwenye kona, moja ya kukimbia, kupinduka na kutua. Kishindo kikubwa cha ngoma kisimkute kwenye kona anavuta pumzi, kimkute kwenye mruko au pale anapotua. Katikati tafuta nane tatu au nne ambapo ngoma zinapungua, acheze chini, magotini. Usiunge kile kinanda hapo kwa sababu tu anakipenda. Funguo za muziki (sauti ya msingi ya kila wimbo) zikitofautiana, kila mtu atasikia mahali ulipoushona.

Fundi sauti
Kata kwenye pigo la kwanza la nane, kamwe si katikati. Kosa ninalolisikia zaidi ni mkia: fidla ya kipande cha kwanza bado inavuma, halafu inakatwa kama kwa panga. Pandanisha vipande viwili kwa milisekunde 30 hivi. Ukiusikia bado mkato, sogeza nane moja mbele, usirefushe mpandano. Mwisho uwe pigo moja kavu. Muziki unaofifia haumwambii mtoto lini aweke pozi.

Mzazi
Asanteni sana. Kwenye simu fidla inasikika safi. Ukumbini itakuwa hivyohivyo?

Fundi sauti
Si lazima. Kumbi nyingine zinapiga upande mmoja tu wa stereo (sauti ya kushoto na kulia), na kama fidla imerekodiwa kushoto inaweza kupotea, mtoto akabaki na ngoma peke yake. Geuza faili liwe mono (pande zote mbili ziunganishwe kuwa moja), lisikilize tena lote, ndipo ulihifadhi. Mbele acha nusu sekunde ya ukimya, isizidi. Weka nakala kwenye flashi na nyingine ndani ya simu yenyewe, isitegemee intaneti, na simu iwe kwenye hali ya ndegeni, kwani ikiita katikati ya zoezi muziki unakatika.

Kocha wa watoto
Na faili hilohilo la mwisho ndilo atumie mazoezini kuanzia siku ya kwanza. Ukibadili mkato baadaye, hata kwa nane moja, mwili wake utaendelea kuhesabu ule wa zamani.