Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa kiwandani yana faida na madhara gani?

Mama Upendo, Njombe:
Habari zenu wanajukwaa. Mzee wangu ana shinikizo la damu, na vipimo vya karibuni vimeonyesha kwamba lehemu (kolesteroli) yake iko juu. Nyumbani tulikuwa tunatumia mafuta ya mawese yaliyosafishwa, yale ambayo kwa baridi ya huku huganda kwenye dumu hadi tuliweke kando ya jiko. Sasa tumehamia alizeti ya kiwandani. Jirani ananiambia kwamba mafuta yaliyosafishwa yamejaa kemikali, na kwamba ni heri ninunue yanayokamuliwa kwenye mashine za mtaani. Je, kusafishwa huko kunaongeza madhara au kunapunguza?

Mwanalishe:
Pole kwa kuuguza, dada. Hatua yenye uzito kuliko zote mmeshaichukua. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni mafuta yaliyoshiba, ambayo hupandisha lehemu mbaya, ilhali katika alizeti kiasi hicho ni kama asilimia 11 tu, na usafishaji haubadilishi uwiano huo. Kiwandani huondolewa utomvu, asidi huru, rangi na harufu, na katika hatua ya mwisho mvuke hupitishwa kwenye mafuta yaliyopashwa joto la zaidi ya nyuzi 200. Joto hilo hupunguza vitamini E kwa kiasi fulani na huweza kuzalisha esta za glisidoli, kemikali ambazo mwaka 2016 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kuwa zinatia wasiwasi kiafya. Hizo hupatikana zaidi kwenye mawese kuliko kwenye alizeti. Kwa upande mwingine, usafishaji hupunguza mabaki ya viuatilifu na sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu. Ama maandishi ya "haina kolesteroli" kwenye chupa, ni ya kweli kwa mafuta yoyote ya mimea, kwa hiyo usikubali kulipa zaidi kwa ajili yake.

Mkamuaji, Singida:
Mimi nakamua alizeti, na nyumbani kwangu tunatumia mafuta ya mashineni kwa sababu yana ladha ambayo ya kiwandani hayana. Hata hivyo, jirani yako amesema upande mmoja tu. Sisi tunachuja na kuyaacha yatulie, lakini utomvu haumaliziki, ndiyo maana yakipata moto mkali hutoa povu, huwahi kufuka moshi na huacha weusi kwenye kikaango. Yanafaa kwa kuunga mboga kwa moto mdogo. Kabla ya kununua, muulize mwenye mashine mbegu zilikaukaje, kwa maana zikihifadhiwa na unyevu huota ukungu, na kwa macho hutaujua kwenye mafuta. Yanuse pia: yaliyochacha yana harufu kali inayokwama kooni. Chupa zilizopangwa juani kando ya barabara ziache, hata bei ikiwa nzuri.

Mama Upendo, Njombe:
Nawashukuru sana. Mzee anapenda chapati na samaki wa kukaanga, nasi mafuta yaliyobaki huyahifadhi kwa ajili ya siku nyingine. Kuna ubaya?

Mwanalishe:
Upo, na kwa maoni yangu unazidi tofauti iliyopo kati ya ghafi na yaliyosafishwa. Zaidi ya nusu ya mafuta ya alizeti ya kawaida ni asidi ya linoleiki, aina ya mafuta yasiyoshiba, ambayo ndiyo inayosaidia kushusha lehemu inapochukua nafasi ya mafuta yaliyoshiba, lakini pia ndiyo inayovunjika upesi kwa moto na kutoa viini vyenye madhara, hasa mafuta yanaporudiwa. Kwa hiyo msiyarudie. Samaki mchome au umchemshe kwa nyanya na ndimu, na chapati iwe ya siku mojamoja. Kijiko kimoja cha chakula kina karibu kilokalori 120, yawe ghafi au yamesafishwa. Pima kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye dumu. Na kwa kuwa mzee ana shinikizo la damu, punguzeni chumvi vilevile, wala asiache dawa alizoandikiwa kwa sababu tu mmebadilisha mafuta.