Kwa nini kampuni za nje ofisi zinaweka Nairobi, Kampala zinatuletea bohari?

Mpakani_Busia: Wadau, Namanve, karibu na Kampala, ardhi ipo. Mwekezaji mkubwa akijenga kwenye eneo la viwanda anasamehewa kodi ya mapato miaka 10. Bwawa la Karuma tumepata megawati 600 za umeme. Bado ofisi ya kanda inakaa Nairobi! Tumekosa nini?

Tingo_Malaba: Bahari. Mombasa hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100, na mpakani unaweza kulala. Mhasibu wao anapiga hesabu hiyo kabla hajauliza habari ya kodi.

Dada_wa_Jinja: Rwanda ina bahari gani? Volkswagen walifungua Kigali 2018.

Tingo_Malaba: Kuunganisha magari, dada. Vipande vinapita bandarini vilevile.

Kisumu_Ndogo: Semeni ukweli, Kampala hamjui Kiswahili. Mwekezaji amwajiri nani auze mpaka Tanzania?

Mpakani_Busia: Na haya unayosoma nimeandika kwa Kichina?

Mzee_Luweero: Kijana, usitucheke. Mimi Kiswahili nilikutana nacho miaka ya sabini, kwenye kizuizi cha askari barabarani. "Wewe, kuja hapa!" halafu kofi. Lugha ikikuingia kwa njia hiyo utaipenda?

Kisumu_Ndogo: Pole mzee, lakini miaka hiyo imepita. Serikali yenu yenyewe imekikubali kiwe rasmi, 2022 kama sikosei.

Mzee_Luweero: Serikali haikupigwa kofi.

Dada_wa_Jinja: 😂😂 Na nyie wa Kenya mnaosema "nimekam" nani aliwapa ualimu?

Kisumu_Ndogo: Hiyo ni Sheng, ni ubunifu. Nyinyi mmebuni nini, rolex, chapati ya kuviringa na mayai?

Dada_wa_Jinja: Rolex usiiguse! Ukija Kampala ndiyo unayokula asubuhi na jioni.

Tingo_Malaba: Jamani, mada. Bomba la mafuta ghafi, kilomita 1,443 kutoka Hoima ya Uganda: Kenya walilitaka lipite kwao hadi Lamu. 2016 likapewa Tanga. Total, kampuni ya mafuta ya Ufaransa, walitazama usalama wa njia, gharama, na bandari ambayo tayari ipo. Kiswahili cha nani ni fasaha hakuna aliyeuliza. Kwa hiyo hata Kenya huachwa.

Kisumu_Ndogo: Tanga wanaongea Kiswahili safi lakini. Nasema tu.

Mpakani_Busia: Ssebo, mimi niliuliza habari ya ofisi.

Mzee_Luweero: Huyo wa Kisumu hajaniambia bado: "kuja hapa" ni Kiswahili sanifu au si sanifu?

Kisumu_Ndogo: Ni "njoo", mzee.

Mzee_Luweero: Basi yule askari alinipiga kwa makosa ya sarufi.