Mrejesho: Safari ndefu ya farasi kati ya Kigombe na Pangani

Wakuu, niliwauliza kama farasi wa kukodi anaweza kwenda kilomita 40 kwa siku moja kwenye joto la Tanga bila kuumia. Ameweza, na amemaliza akiwa mzima.

Ushauri uliotufaa kuliko wote ni wa kuondoka alfajiri, kabla jua halijawaka kwenye mashamba ya mkonge. Muda mwingi tulikwenda matiti, yaani mwendo wa farasi wa kukimbia polepole. Shoti, yaani mbio za kasi, hatukupiga kabisa. Penye mchanga laini nilishuka nikamwongoza kwa miguu, maana mchanga huo huchosha kano za farasi upesi.

Kila kituo daktari wa mifugo alimpima mapigo ya moyo. Tulifuata kipimo cha mashindano ya kimataifa: yasizidi 64 kwa dakika ndipo aendelee. Kituo cha pili yaligoma kushuka, roho ikanidunda. Tukavua tandiko, tukammwagia maji shingoni na kifuani tena na tena, tukamwacha anywe, mpaka yakateremka. Wewe uliyenisihi nisimnyime maji farasi mwenye joto, Mungu akubariki sana.

Kesho yake alikaguliwa tena kwato na mgongo. Hana kidonda, hachechemei, na majani anakula vizuri.