Cat5e, Cat6 au Cat8: kebo ipi nipitishe ukutani kabla ya plasta?

Mjenzi wa Kira

Salamu kwenu nyote. Ninajenga nyumba ya ghorofa moja huko Kira, nje kidogo ya Kampala. Kuta zimesimama, paa limekwisha, na baada ya majuma mawili mafundi wa plasta wataingia. Ningependa kabla ya hapo kebo za mtandao ziwe tayari ndani ya mabomba, kwa sababu katika nyumba ninayopanga sasa Wi-Fi hufa kila inapokutana na ukuta wa pili wa tofali, na sitaki kuhamia kwangu na tatizo lile lile.

Nina sehemu nane za kufikisha kebo ndani ya nyumba, na iliyo mbali zaidi iko kama mita 28 kutoka mahali ruta itakapokaa. Mbali na hizo, kuna kibanda cha mlinzi langoni, mita 45 kutoka nyumbani, ambako nataka kufunga kamera mbili zinazopata umeme kupitia kebo hiyo hiyo ya mtandao. Intaneti ninayoilipia ni ya megabiti 50 kwa sekunde.

Ushauri niliopewa haupatani. Fundi wangu anasema kebo yoyote chini ya daraja la Cat8 kitapitwa na wakati kabla rangi haijakauka. Muuzaji mmoja mjini ananiambia Cat7 yatosha kwa kuwa ina kinga ya metali. Binamu yangu anaona Cat5e inatosha kabisa. Zaidi ya hayo, nimeonyeshwa maboksi mawili yote yameandikwa Cat6, na moja linauzwa karibu nusu ya bei ya jingine. Jambo la mwisho linalonitia shaka ni hili: katika nyumba ninayopanga kuna kebo iliyoandikwa Cat6, ruta na kompyuta yangu zote ni za gigabiti moja, lakini kompyuta inaonyesha kwamba imeunganishwa kwa megabiti 100 tu. Je, maandishi ya juu ya kebo yana maana gani hasa?

---

Fundi wa Jinja

Ndugu Mjenzi, hongera kwa kufika hatua ya plasta, na umefanya vyema kuuliza sasa, kwa kuwa kubomoa ukuta uliokwisha kupakwa ni gharama ambayo nimeiona ikiwaliza watu.

Nianze na maandishi. Cat5e imepimwa kubeba mawimbi ya hadi megahezi 100, Cat6 megahezi 250, Cat6A megahezi 500, na Cat8 megahezi 2000. Namba hizo hazielezi kasi utakayoipata. Zinaeleza upana wa njia. Kasi inaamuliwa na vifaa vilivyo kwenye ncha mbili, na kebo hutakiwa tu kuibeba bila kuipotosha. Kiwango cha gigabiti moja kilichotolewa mwaka 1999 kinafanya kazi juu ya Cat5e nzima kwa mita 100. Kile cha gigabiti 2.5, kilichotoka mwaka 2016, nacho hupita juu ya Cat5e kwa mita 100, na mwenzake wa gigabiti 5 hupita juu ya Cat6 kwa umbali huo huo. Ukifika gigabiti 10, Cat6 huaminika hadi mita 55, na pale ambapo kebo nyingi zimefungwa pamoja kama mganda wa kuni umbali huo hushuka kufikia mita 37. Cat6A ndiyo inayofikisha gigabiti 10 mita 100 kamili.

Nimewahi kuzipima Cat5e na Cat6 kwa iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, kati ya kompyuta mbili za gigabiti moja, na zote mbili zilinipa takriban megabiti 941 kwa sekunde. Hiyo ndiyo kasi ambayo hesabu yenyewe inaitabiri, kwa sababu katika kila baiti 1538 zinazochukua nafasi kwenye waya, 1448 tu ndizo data yako, na zilizobaki ni anwani, ukaguzi na nafasi kati ya pakiti. Kebo ya bei kubwa zaidi haiwezi kuongeza hata megabiti moja juu ya hapo. Vivyo hivyo kwa wanaocheza michezo ya mtandaoni wakitumaini kwamba Cat8 itapunguza ucheleweshaji: ishara husafiri mita moja kwa takriban nanosekunde 5 katika kebo za aina zote hizi, kwa hiyo mita 28 zako zitachukua kama nanosekunde 140, muda ambao hakuna mchezo wala mchezaji atakayeuhisi.

Sasa Cat8. Ilitengenezwa kwa ajili ya vyumba vya seva, ambako mashine hukaa karibu karibu, na kasi zake za gigabiti 25 na 40 zina mwisho wa mita 30. Kwenye kibanda chako cha mita 45 kiwango chake chenyewe hakifiki, na sebuleni hakuna kifaa cha kuitumia. Cat7 ina tatizo la namna nyingine. Viwango vya Marekani havikuitambua, na viwango vya kimataifa viliikusudia itumie viunganishi vyake maalumu. Ukiibania kichwa cha kawaida cha RJ45, kile kinachochomekwa kwenye ruta, huna tena Cat7 iliyokamilika. Ile kinga ya metali aliyoisifu muuzaji hufanya kazi yake ikiwa imeunganishwa na waya wa ardhi kupitia vichwa na matundu ya metali. Ruta nyingi za nyumbani zina matundu ya plastiki tupu, na kinga isiyounganishwa ardhini ni karatasi tu uliyoilipia.

Kuhusu kompyuta inayoonyesha megabiti 100, karibu nina hakika kwamba kosa liko kwenye kichwa cha kebo. Kebo ina jozi nne za waya: ya chungwa, ya kijani, ya buluu na ya kahawia. Gigabiti moja inahitaji zote nne. Megabiti 100 inahitaji mbili tu, ya chungwa na ya kijani. Waya mmoja tu wa buluu au wa kahawia ukikatika au usipofika mwisho wa kichwa, vifaa hushuka hadi megabiti 100 kimyakimya, intaneti inaendelea kupatikana, na mwenye nyumba hulaumu kampuni ya intaneti kwa miaka. Kata vichwa vyote viwili, bania vipya, kisha utazame tena.

Lipo kosa jingine lililo baya zaidi kwa sababu kile kipimaji cha kebo chenye taa hakilioni. Wapo wanaopanga rangi kwa kuzifuatanisha jozi kwa jozi, chungwa, kijani, buluu, kahawia, na kurudia hivyo hivyo upande wa pili. Taa zote nane zinawaka, fundi analipwa na kuondoka. Lakini nyaya za nafasi ya 3 na ya 6 katika kichwa zinapaswa kuwa za jozi moja iliyosokotwa pamoja, na kwa mpangilio ule ishara inapita katika nyaya za jozi mbili tofauti, ikivuja kwenda kwa majirani zake. Mpangilio sahihi unaotumiwa sana ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Na msokoto usifunguliwe zaidi ya milimita 13 kutoka kwenye kichwa. Cat5e iliyobaniwa kwa uangalifu itaishinda Cat6A iliyobaniwa ovyo.

---

Mwalimu wa TEHAMA, Mbarara

Nakubaliana na Fundi kwa sehemu kubwa, ila ninaona hatuwezi kuipita hivi hivi Cat6A. Nyumba hujengwa ikae miaka 40, na kebo ya ukutani haibadilishwi kama simu. Ikiwa siku moja vifaa vya gigabiti 10 vitakuwa vya kawaida, atakayekuwa na Cat6A atalala usingizi.

Lakini jambo ambalo ningemwomba Ndugu Mjenzi alitazame kabla ya yote ni lile boksi la nusu bei. Nina wasiwasi mkubwa kwamba ndani yake hakuna shaba, bali alumini iliyopakwa shaba juu. Kebo ya namna hiyo haikubaliki katika kiwango chochote cha Cat5e wala Cat6, hata kama imeandikwa hivyo, kwa sababu viwango hivyo vinataka shaba halisi. Upinzani wa waya huo kwa umeme ni zaidi ya wa shaba kwa takriban nusu. Kwa data peke yake huenda ukaponea kwenye umbali mfupi, lakini wewe unataka kamera zinazopata umeme kupitia kebo, na hapo umeme unapotea njiani na kugeuka joto ndani ya bomba. Alumini pia huvunjika upesi ikikunjwa, na ndiyo sababu kichwa kinachofanya kazi leo huacha kufanya kazi baada ya kabati kusogezwa mara mbili.

Kuitambua si kazi kubwa. Kwangua waya mmoja kwa wembe: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, umekwisha kujua. Boksi lenyewe likiwa jepesi kuliko wenzake wa mita 305, hiyo nayo ni dalili, kwani alumini haina hata theluthi ya uzito wa shaba. Mwenye multimita, kile kifaa cha kupima umeme, aweza kuhakikisha zaidi. Pima kipande cha mita 50, unganisha nyaya mbili za jozi moja upande wa mbali, kisha pima upande wa karibu, ukiondoa upinzani wa nyaya za multimita yenyewe. Kiwango hakiruhusu kuzidi omu 9.4 kwa kipande hicho. Kebo ya shaba yenye nyaya nyembamba za Cat5e itasoma kama omu 8.4, ya alumini yenye unene huo itasoma kama 13.

---

Fundi wa Jinja

Mwalimu, umesema kweli kuhusu alumini, na nasikitika kwamba sikuanza nayo. Kuhusu Cat6A bado sijashawishika kwa nyumba hii. Sehemu yake ya mbali zaidi ndani ni mita 28, na kwa umbali huo Cat6 ya shaba hubeba gigabiti 10 tayari. Cat6A ni nene na ngumu, haitaki kona kali, na mabomba ya milimita 20 ambayo mafundi umeme wetu huyapenda yanajaa upesi. Nimeona watu wakiivuta kwa nguvu hadi ganda lake linakunjika na jozi zinapondeka. Fedha inayobaki afadhali inunue mabomba mapana zaidi, na ndani ya kila bomba aache kamba ya kuvutia. Hapo kebo yoyote itakayobuniwa huko mbele itapita bila nyundo. Mabomba hayo yasichanganywe na yale ya umeme wa volti 240. Yatenganishwe, na yakilazimika kukutana yapishane kwa pembe mraba.

---

Mkazi wa Entebbe

Naomba nizungumzie zile mita 45 za kwenda langoni, kwa sababu hapo ndipo nilipoumia mimi. Sisi tulio kandokando ya Ziwa Viktoria tunajua radi zetu. Nilikuwa nimepitisha Cat6 nzuri kabisa, ya shaba, chini ya ardhi kutoka nyumbani hadi kwenye banda la nje. Usiku mmoja radi ilipiga mti wa jirani, wala haikupiga nyumba yangu, na asubuhi swichi ya mtandao, kamera zote mbili na kompyuta ya mezani havikuwaka tena. Matundu ya vifaa hivi yanatakiwa kustahimili volti 1500 kati ya kebo na ndani ya kifaa, na radi ya jirani inaweza kuamsha nyingi zaidi ya hizo katika waya mrefu uliounganisha majengo mawili.

Tangu hapo nimeweka faiba, yaani kebo ya kioo inayobeba mwanga badala ya umeme, kati ya nyumba na banda. Kioo hakipitishi umeme, ilmradi uchague faiba isiyo na waya wa chuma wa kuitia nguvu ndani yake. Kila upande unahitaji kifaa kidogo cha kugeuza mwanga kuwa ishara ya kebo, au swichi yenye nafasi ya faiba, na pale kibandani swichi ndogo inayozilisha kamera umeme. Waya wa umeme unaokwenda kibandani nao uwekewe kinga yake ya radi, maana nao ni mlango. Gharama yake niliilipa kwa moyo mweupe baada ya kuhesabu thamani ya vile vilivyoungua.

---

Mjenzi wa Kira

Asanteni sana, ndugu zangu. Jana jioni nilikata vichwa vya kebo ya nyumba ninayopanga. Kimoja kilikuwa na waya wa kahawia ulioishia katikati, haukugusa meno. Nimebania vipya kwa mpangilio alioutoa Fundi, na sasa kompyuta inaonyesha gigabiti moja.

Leo nimerudi dukani na wembe. Boksi la nusu bei lilitoa weupe kwa mkwaruzo wa kwanza. Lile la bei kubwa lilibaki jekundu hadi ndani. Nimechukua la pili, Cat6, na nimemwomba fundi umeme abadilishe mabomba kuwa ya milimita 25 kabla ya plasta. Kwa langoni nitaweka faiba. Swali langu moja lililobaki ni kwa Mkazi wa Entebbe: je, faiba hiyo uliifukia peke yake ardhini, au uliipitisha ndani ya bomba?

---

Mkazi wa Entebbe

Ndani ya bomba, kina cha nusu mita, na juu yake niliweka safu ya matofali kabla ya kurudisha udongo. Mtunza bustani wangu ana jembe zuri sana.