UC moja kwa moja, Cal State, au chuo cha jamii kwanza? Bajeti inakatwa na mtoto anaomba mwaka huu

MamaTumaini
Habari zenu wapendwa. Nina kijana yuko mwaka wa mwisho wa hai skuli hapa California, anataka baiolojia, alama zake nzuri ila si zile za kutisha. Tangu Januari 2025 gavana alipopendekeza kukata karibu asilimia 8 ya hela za jimbo kwa UC (Chuo Kikuu cha California) na Cal State (ule mfumo mwingine wa vyuo vikuu vya jimbo) mimi usingizi sina, na hata walivyokuja kulegeza baadaye bado naona vyuo vinalia. Tunalinganisha njia tatu: UC moja kwa moja, Cal State, au aanze chuo cha jamii (community college) miaka miwili halafu ahamie UC. Baba yake anasema UC au basi. Mliopitia niambieni, hela zikikatwa mlango upi unabana kwanza?

Baharia_SD
Dada pole na presha, naijua. Mimi nilimaliza hai skuli 2009 na mwaka ule sitausahau. UC walipunguza nafasi za mwaka wa kwanza kama 2,300, Cal State wakasema wanashusha idadi kwa wanafunzi 40,000 ndani ya miaka miwili na maombi ya muhula wa mwanzo wa 2010 karibu yote wakayafunga, halafu Novemba bodi ya UC ikapandisha ada 32% huku wanafunzi wanapiga kelele nje ya mkutano pale UCLA, kampasi ya UC ya Los Angeles. Sasa waliokosa UC wakashuka Cal State, waliokosa Cal State wakashuka chuo cha jamii, na chuo cha jamii nacho kimekatwa hela kwa hiyo madarasa yamepunguzwa. Sisi tuliokuwa tumepanga kuanzia huko tangu zamani ndio tukakosa pa kukaa.

Kemia ya kwanza, maabara ina viti 24, siku ya kwanza tuko zaidi ya 50, wengine wamekaa chini kwenye korido mlango wazi wanaandika noti magotini. Profesa akachana karatasi vipande vipande akaandika namba akatia kwenye kofia, nafasi za kuongeza zilikuwa tatu. Nilichomoa 17. Muhula uliofuata nikakosa tena. Bila kemia ile huwezi kuchukua inayofuata, na bila hizo UC hawakuangalii kwa baiolojia, kwa hiyo miaka yangu miwili ikawa minne. Mtu akikuambia chuo cha jamii ni bei rahisi muulize bei ya miaka miwili ya ziada.

Nuru_wa_Oakland
Baharia unachosema ni kweli tupu, kati ya 2008 na 2012 wanafunzi wa vyuo vya jamii walishuka kutoka kama milioni 2.9 hadi milioni 2.4, na hawakuondoka kwa kupenda, madarasa hayakuwepo. Lakini MamaTumaini asitishike na 2009 moja kwa moja. Tangu korona vyuo vingi vya jamii vilipoteza wanafunzi na vingine mpaka leo vinatafuta watu, nafasi zipo. Mimi bado naona hii ndiyo njia bora kwa mtoto wa alama za kati, sababu zangu hizi: ada ni dola 46 kwa krediti, na vyuo vingi vinamsamehe mwanafunzi mpya wa muda wote miaka miwili ya kwanza. Pili UC walikubaliana na jimbo kuchukua mmoja wa kuhamia kwa kila wawili wa mwaka wa kwanza. Tatu kuna TAG, mpango wa kuhakikishiwa kuhamia, kampasi sita (Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara, Santa Cruz) zinakuhakikishia nafasi ukitimiza masharti yao, fomu inajazwa Septemba mwaka mmoja kabla ya kuhamia. Berkeley, UCLA na San Diego hawamo. Ila hata UCLA, mwaka wa kwanza wanachukua kama 9 kwa kila 100 wanaoomba, wa kuhamia wanachukua karibu robo. Kwa namba hizo kweli mzee bado anasema UC au basi?

BabaWatatu
Mimi nina hoja ya pembeni kidogo lakini inahusu. Watu wengi hatuelewi kwamba jimbo likikata hela chuo kinaanza kumtamani mtoto wa nje ya jimbo, kwa sababu pale UC analipa zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka juu ya ada ya kawaida. Ndivyo ilivyokuwa baada ya 2009, idadi yao ikapanda mpaka wakaguzi wa jimbo 2016 wakasema wazi kwamba UC ilipokea maelfu wa nje wenye alama chini ya alama ya katikati ya wenyeji waliopokelewa. 2017 ndio wakaweka kikomo cha 18%, na kampasi zilizokuwa zimeshapita zikaambiwa zisizidi pale zilipofika. 2021 Bunge likaamua kulipia Berkeley, UCLA na San Diego warudi taratibu kwenye 18% ili wakazi wapate nafasi. Sasa angalia hapo, wanalipia. Siku jimbo likishindwa kulipia, hizo nafasi za watoto wetu zinasimama juu ya nini?

Mdada_Madison
BabaWatatu huku Wisconsin tuliona hiyo hiyo. 2015 gavana Walker na Bunge walikata dola milioni 250 kwa miaka miwili na ada ya wakazi ilikuwa imegandishwa tangu 2013, kwa hiyo chuo hakina pa kutoa hela isipokuwa kwa wageni. Mwaka ule ule bodi ya chuo ikaondoa kikomo cha 27.5% cha wanafunzi wa nje pale Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, wakaahidi angalau watoto 3,600 wa jimbo kila mwaka wa kwanza. Ahadi ya idadi ilitusaidia kuliko asilimia, maana asilimia darasa likikua inakudanganya.

Ila naomba tusiwachukie hao wa nje. Binti wa dada yangu alitoka Dar akalipa ada kamili, baba yake aliuza kiwanja. Yule mtoto hakumnyang'anya mtu kiti.

BabaWatatu
Hapo sawa kabisa dada, mtoto hana kosa. Mimi lawama yangu iko kwa wanaopanga bajeti.

Mwl_Fresno
Mbona Cal State mnairuka? Nafundisha hai skuli, kila mwaka natuma watoto huko na wanamaliza. Ila msizihesabu kampasi zote kama kitu kimoja. San Diego State (siyo ile UC ya San Diego), Long Beach na San Luis Obispo zimejaa, wanaoomba ni wengi kuliko viti. Nyingine zina viti vitupu, na siku hizi kampasi isiyofikisha idadi yake inapunguziwa hela zinapelekwa kwa iliyozidisha. Kuingia hapo ni rahisi, hatari inakuja ukishaingia: Januari 2025 Sonoma State walitangaza kufuta idara kadhaa na michezo yote kwa mkupuo. Na ada imepangwa kupanda 6% kila mwaka kwa miaka mitano kuanzia 2024. Kwa hiyo mama, kabla ya kukubali barua piga simu idarani uliza kozi za baiolojia za mwaka wa tatu zinafundishwa kila muhula au mara moja kwa mwaka. Wakisitasita ujue.

Kwa maoni yangu kwa kijana wako: Cal State ya karibu yenye baiolojia imara, chuo cha jamii pili, UC moja kwa moja tatu. Nuru tutabishana tu hapo.

Nuru_wa_Oakland
Mwalimu nakuheshimu ila bado nageuza hizo mbili za mwanzo 😊

MamaTumaini
Asanteni sana, nimesoma yote kwa sauti mezani na mzee akiwepo. Tumekubaliana ajaze UC na Cal State zote mwisho wa Novemba, na chuo cha jamii tumekitembelea Jumamosi. Niliuliza kemia nikiikumbuka ile kofia ya Baharia, wakaniambia madarasa matano, lakini mawili ni ya usiku. Usiku kijana anafanya kazi. Halafu kwenye gari akaniuliza mama kwani nikianzia hapa nitakuwa nimefeli? Nikashindwa kumjibu vizuri, nikamwambia tule kwanza.

Baharia_SD
Dada mwambie mimi nilihamia UC baada ya miaka minne ile na leo niko maabara ya hospitali, na cheti hakijaandikwa nilianzia wapi. Amalize orientesheni na mpango wa masomo mapema, wanaomaliza hivyo wanatangulizwa kuandikisha kozi, asisubiri Julai. Hayo madarasa matatu ya mchana yatajaa wiki ya kwanza. Na kazi yake ya usiku, aombe kuanzia sasa kubadilishiwa zamu siku moja tu kwa wiki, ili likibaki la usiku awe na pa kuliweka.